Chemba inafurika, bati linavuja, msimamizi hapokei simu: mwongozo kwa mpangaji wa Mbeya

Nilipanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji 12 hapa Mbeya, upande wa Ilomba. Februari, mvua ikiwa imeshika, chemba iliyokuwa chini ya dirisha la jiko langu ilifurika. Mfuniko wa zege uliinuka upande mmoja, maji meusi yakawa yanatoka kidogo kidogo na kutambaa kwenye kijia tunachopita wote kwenda kuanika nguo. Tukapanga matofali matano ya kukanyagia. Kila mmoja alimpigia msimamizi kwa wakati wake, na kila mmoja alijibiwa vilevile: "Nimelisikia, fundi anakuja." Zilipita wiki tano. Mtoto wa chumba cha mwisho aliharisha mara mbili ndani ya hizo wiki tano.

Kilichomaliza kero ile ni barua ya ukurasa mmoja yenye saini 9, nakala kwa afisa afya wa kata. Gari la maji taka lilikuja siku ya nne.

Naandika hapa njia tuliyopita, pamoja na mambo tuliyoyajua tumeshachelewa. Ni kwa yeyote aliyepanga nyumba ya vyumba vingi au apatimenti, iwe Uyole, Iyunga, Nzovwe au Mwanjelwa. Wenzangu wa Iringa, Makambako na Njombe, mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: Tenga hatari na kero

Kuna mambo hayasubiri barua. Soketi au swichi inayotoa harufu ya kuungua. Bomba au mlango wa chuma unaokupiga shoti. Ufa wa ukutani unaozidi kupanuka. Ardhi inayotitia juu ya shimo la choo, au mfuniko wa shimo uliovunjika mahali watoto wanapocheza.

Kwa umeme, zima meini swichi na usiguse kitu. Kuanzia kwenye nguzo hadi kwenye mita ni kazi ya TANESCO, kutoka kwenye mita kuingia ndani ni nyaya za mwenye nyumba, na fundi awe mwenye leseni. Moto ukitokea, namba ya Zimamoto ni 114. Kwa shimo, funika kwa mbao nzito, zungushia kamba, gonga kila mlango wenye mtoto, na siku hiyo hiyo mjulishe mwenyekiti wa mtaa.

Kuna hatari nyingine naitaja peke yake kwa sababu inaua bila kelele. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Dirisha likiwa halifungi au kioo kimevunjika, mpangaji anaziba kwa gunia, anaingiza jiko la mkaa, anafunga mlango na kulala. Mkaa unapoungua kwenye chumba kisicho na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu jiko likiwa ndani, toka nje na uwatoe wote. Usilale na jiko la mkaa ndani hata kama umeacha upenyo. Na utakapoandika barua, dirisha lisilofunga liandike kwenye orodha ya hatari, usiliweke pamoja na rangi iliyobanduka.

Hatua ya 2: Jua kipi ni cha mwenye nyumba na kipi ni chako

Msimamizi atakwambia, "Uliikuta hivyo, ukakubali." Usikubali maneno hayo yakumalize. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaweka wajibu wa mwenye nyumba ndani ya mkataba wa pango hata kama karatasi yako iko kimya. Nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia na kiendelee kufaa muda wote wa pango. Pale ulipopanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji taka na maeneo mnayotumia kwa pamoja ni juu yake kuyatunza. Na ukiwa unalipa kodi na kutimiza masharti, una haki ya kukaa kwa utulivu bila kusumbuliwa naye. Hata asiye na mkataba wa maandishi ana pango, ila kazi yake ya kulithibitisha ni kubwa zaidi, ndiyo maana risiti na miamala ya simu ni mali.

Jambo moja watu hulipotezea muda: kutafuta ofisi ya kushusha kodi. Sheria ya zamani iliyodhibiti viwango vya kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kiwango ni makubaliano yenu wawili. Pigania hali ya nyumba, hapo ndipo una pa kusimama.

Balbu, kitasa ulichovunja, sinki uliloziba mwenyewe kwa mafuta na mabaki ya chakula, hivyo ni vyako. Usivichanganye kwenye malalamiko, kwa sababu msimamizi atashika hicho kimoja na kuacha mengine yote. Kinyume chake, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021 ni deni la mwenye nyumba, hata kama anayenunua umeme ni wewe. Kubalianeni mapema namna atakavyoifidia.

Hatua ya 3: Fungua daftari la kero

Nunua daftari dogo la shule. Kila tukio liandike siku lilipotokea: tarehe, saa, nini, nani aliona, nani aliambiwa, alijibu nini. Mstari wa kwenye daftari langu ulikuwa hivi: "Tarehe 11, saa 12 asubuhi. Maji ya chemba yamefika kizingiti cha chumba namba 3. Mama wa namba 3 ameshuhudia. Nimempigia msimamizi saa 1:20, amesema kesho." Piga picha mbili kila mara, moja ya mbali inayoonyesha ni wapi, na moja ya karibu yenye kitu cha kulinganishia ukubwa, kama kalamu au kiberiti. Picha zitume kwenye WhatsApp ya msimamizi na maelezo mafupi, tarehe itajiandika yenyewe. Akikujibu kwa simu, mwandikie baada ya hapo: "Shikamoo kaka, nashukuru kwa simu ya leo. Umesema fundi wa bati atakuja Jumamosi." Asipokanusha, una ushahidi.

Unyevu nitauelezea kwa kirefu kwa sababu ndio ugomvi mkubwa wa nyumba za ukanda huu. Kuta zinaota madoa meusi ya fangasi, godoro linanuka, nguo kabatini zinakuwa na unga wa kijivu. Nilimwona mama mmoja akigeuza godoro la mwanaye: upande wa chini, ule unaogusana na ukuta, ulikuwa mweusi kwa upana wa kiganja, na alikuwa anaufuta kwa kitambaa chenye siki kila Jumamosi. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia tatizo ni yeye, hafungui madirisha.

Wakati mwingine ni kweli. Miezi ya baridi pumzi na mvuke wa kupikia hugonga ukuta wa baridi na kugeuka matone. Kabla ya kulalamika, jua maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni ngumu chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa, kiache siku mbili. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani: fungua madirisha mchana, sogeza kitanda mbali na ukuta, pikia nje ya chumba cha kulala. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, kati yake na ukuta, basi ukuta wenyewe unanyonya maji, na hilo ni la mwenye nyumba. Piga picha ya nailoni ikiwa bado imebandikwa.

Angalia pia umbo la doa. Doa linalopanda kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, rangi ikibanduka na chumvi nyeupe ikitokeza, ni maji ya ardhini: msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu, au nyumba iko kwenye mteremko na hakuna mtaro nyuma, kama nyumba nyingi zilizo chini ya mlima Loleza. Doa la njano la mviringo kwenye silingi bodi ni bati lenye tundu au msumari uliolegea. Doa linalokuwepo hata kiangazi ni bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Ukimwandikia mwenye nyumba "kuna unyevu", anakujibu "fungua dirisha". Ukimwandikia "maji yanapanda kutoka kwenye msingi upande wa mlimani, sentimita 50, kwenye vyumba namba 3, 4 na 5", anajua amwite fundi gani.

Hatua ya 4: Ungana na wenzako kabla ya kwenda mbele

Hapa ndipo sisi tulipochelewa. Mpangaji mmoja anayelalamika huitwa mkorofi na kuambiwa ahame. Tisa hawawezi kuhamishwa siku moja, kwa sababu mwenye nyumba naye anategemea kodi hiyo.

Kutaneni jioni moja, nusu saa inatosha. Kila chumba kitaje kero zake, kisha chagueni tatu tu za kuanzia, zile zinazowagusa wengi. Atakayeogopa msimlazimishe. Mara nyingi anadaiwa kodi na anajua atashikwa hapo, na ana haki ya kukaa pembeni. Wanafunzi wa vyuo msiwaache nje eti ni wapita njia: wao ndio huwa na picha nyingi kwenye simu, na wazazi wao ndio wanaolipa. Mchague mtu mmoja wa kuzungumza, mtulivu, asiye na deni la kodi. Kwetu alikuwa mama muuza ndizi aliyekuwa amekaa pale miaka saba. Msimamizi alikuwa anampa shikamoo, na hilo lilibadilisha kabisa sauti ya mazungumzo.

Tafuteni pia mwenye nyumba ni nani hasa. Wengi tunamjua msimamizi tu, ambaye ni mpwa au shemeji, na mwenye mali yuko Dar es Salaam hajui kwamba chemba imejaa. Bili ya maji huwa na jina la mteja, na mwenyekiti wa mtaa mara nyingi anamfahamu. Mkipata namba yake, apigiwe kwa heshima na yule yule mmoja mliyemchagua, kabla ya barua: "Shikamoo mzee. Mimi ni mpangaji wako wa chumba namba 2. Pole na majukumu. Tuna jambo la nyumba yako tungependa ulijue kabla halijawa kubwa." Kuna wenye nyumba huamka hapo hapo.

Hatua ya 5: Andika barua

Iwe fupi, isitukane, na iwe na tarehe ya mwisho. Sura yake ni hii:

"Wapangaji wa nyumba namba ____, Mtaa wa ____, Kata ya ____, Mbeya. Tarehe ____.

Kwa mwenye nyumba.

YAH: MATENGENEZO YA CHEMBA, PAA NA MADIRISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wapangaji tuliosaini hapa chini tunakujulisha hali ifuatayo. Kwanza, chemba imefurika tangu tarehe ____ na maji taka yanapita mbele ya vyumba namba 3 hadi 6. Pili, bati linavuja kwenye vyumba namba 7 na 8. Tatu, madirisha ya vyumba namba 1 na 5 hayafungi. Msimamizi alijulishwa tarehe ____, ____ na ____.

Tunaomba chemba inyonywe ndani ya siku 7, na paa na madirisha yatengenezwe ndani ya siku 21. Tuko tayari kufungua vyumba kwa fundi siku yoyote tukijulishwa siku moja kabla. Isipofanyika, tutaomba msaada wa ofisi ya mtaa na afisa afya wa kata.

Tumeambatisha picha 6. Majina, namba za vyumba na saini."

Chapisheni nakala nne. Moja ya mwenye nyumba, moja ya ofisi ya mtaa, moja ya afisa afya wa kata, moja yenu. Hiyo yenu aisaini aliyepokea, aandike na tarehe. Akikataa kusaini, msigombane naye: mwombeni mwenyekiti au mjumbe awe shahidi wa kukabidhi, na piga picha ya barua uitume kwenye simu yake.

Wakati wa kuipeleka una uzito wake. Paa hutengenezwa kiangazi. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo barua ya bati iende Juni au Julai, fundi akiwa na nafasi na mbao zikiwa kavu. Ukisubiri Januari utawekewa nailoni juu ya bati na jiwe. Pili, ipeleke kabla ya kulipa kodi ya miezi sita ijayo, angalau mwezi mmoja kabla. Ukishaweka fedha mkononi mwake, umebaki na maneno tu. Kwa mliopanga karibu na vyuo, kumbukeni kuwa wanafunzi wapya wanapoingia kuelekea Novemba vyumba hugombewa, na msimamizi anajua ukitoka leo kesho kuna mtu. Zungumzeni naye kabla ya hapo.

Hatua ya 6: Siku zikipita, nenda ofisini

Anza serikali ya mtaa. Mwenyekiti atawaita pande zote mbili, na ukienda na daftari, picha na barua iliyosainiwa, kikao hakizidi saa moja. Omba makubaliano yaandikwe na yapigwe muhuri.

Kwa chemba, choo, takataka na maji machafu, afisa afya wa kata ndiye mwenye meno. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kuingia, kukagua na kumpa mwenye nyumba notisi ya kuondoa uchafu unaohatarisha afya. Mwalike aje asubuhi, wakati choo kimetumika na watu wengi, aone mwenyewe. Maji yakikatwa kwa sababu msimamizi amekusanya fedha za bili na hakulipa, nendeni mamlaka ya maji na risiti za michango yenu, mwulize deni ni la miezi mingapi na kama mnaweza kufungiwa mita tofauti.

Mkishindwa hapo, kuna Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, haliamui tena nani mshindi. Lina siku 30. Usuluhishi ukishindikana wanakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea bila hati hiyo. Mbele yake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo linaweza kutoa amri na fidia. Mkataba ambao haukulipiwa ushuru wa stempu TRA unaweza kukataliwa kama kielelezo hadi ulipiwe, kwa hiyo ulipieni mapema. Huna fedha za wakili? Uliza ustawi wa jamii wa halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure.

Hatua ya 7: Kodi iendelee kulipwa

Wapangaji wengi wenye haki huanguka hapa. Wanakasirika, wanagoma kulipa, na kesi ya chemba inageuka kesi ya deni. Lipa kwa siku yake, kwa simu au benki ili muamala ubaki. Ukilazimika kutengeneza mwenyewe, mathalani kitasa cha mlango wa nje usiku wa wizi, kwanza pata idhini ya maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp: "Tengeneza, tutakata kwenye kodi." Chukua bei kwa mafundi wawili, tunza risiti ya vifaa na ya ufundi. Bila idhini hiyo, fedha yako inaweza kuhesabiwa kama zawadi.

Akikukatia umeme, akakuwekea kufuli mlangoni au kukutolea vyombo nje, usivunje kufuli na usipigane. Piga picha, mwite mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili washuhudie, kisha nenda polisi ukiwa na risiti za kodi. Kumtoa mpangaji kuna utaratibu wa notisi na baraza, hakufanywi kwa kufuli.

Hatua ya 8: Ukiamua kuhama

Kuhama si kushindwa, hasa ukiwa na mtoto mwenye kifua. Toa notisi ya maandishi kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Siku ya kutoka, pita chumba kwa chumba na msimamizi, piga picha kuta, choo, sinki na namba zilizopo kwenye mita ya umeme na ya maji. Andikeni karatasi moja ya makabidhiano: funguo ngapi, kipi kizima, kipi kibovu tangu lini, kodi iliyobaki au amana itarudishwa lini. Sainini wote wawili.

Huko unakokwenda, usikague nyumba mchana wa jua ukiwa na dalali peke yake. Nenda siku ya mvua kama unaweza, au siku inayofuata. Inua mfuniko wa chemba. Weka kiganja ukutani nyuma ya kabati, chini, karibu na sakafu. Fungua bomba saa 12 jioni, wakati wote wanapika. Kisha gonga mlango wa jirani, msalimie, umuulize kitu kimoja: mara ya mwisho fundi alikuja lini hapa, na aliitwa na nani?